Wiki ya saba tangu nishonwe mshipa wa fahamu mkononi: maumivu, usiku, na kinachonisaidia

Kidole cha Tano (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesita sana kuandika. Lakini wiki ya tatu baada ya upasuaji nilikesha usiku mzima natafuta mtu aliyepitia hali yangu akaieleza kwa Kiswahili, sikumpata. Basi naandika mimi. Huenda kuna mwenzangu yuko macho saa tisa usiku, mkono juu ya mito, anajiuliza kama kazi ya daktari imeharibika.

Yaliyonikuta kwa kifupi: kioo cha dirisha kilivunjika wakati nakisukuma, kikanichana mkono wa kulia upande wa kidole cha mwisho, sentimita 6 juu ya kifundo. Damu ilizuilika mapema. Kilichonitia hofu ni pale nilipokishika kidole kile nikaona si changu, kama nimeshika kidole cha mtu mwingine. Hospitali wakasema neva ya alna (mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole cha mwisho) imekatika yote, na kano moja pamoja nayo. Nikashonwa kesho yake.

Neva hushonwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na hasa kinachoshonwa ni ganda lake la nje. Hapa ndipo nilipokuwa sielewi. Nilidhani ni kama waya, ukishaunga taa inawaka. Kumbe nyuzi za neva zilizo ng'ambo ya mkato hufa zote, hata kama mshono ni mzuri. Augustus Waller alilionyesha hilo mwaka 1850 kwa kukata neva za ulimi wa chura. Mwili husafisha mabaki, halafu nyuzi mpya huota kutoka upande wa juu zikipita kwenye mirija ileile iliyoachwa wazi. Kasi yake kwa mtu mzima ni kama milimita 1 kwa siku, na kabla ya kuanza safari hukaa wiki kadhaa zikijiandaa.

Nilichukua rula. Kutoka kwenye kovu hadi ncha ya kidole: sentimita 18. Siku 180, weka na mwezi wa kusubiri, ni miezi saba. Nililia siku ile. Ila kuanzia hapo niliacha kukibonyeza kidole kila asubuhi kukipima, kwa sababu nilijua hakuna kitu ambacho kingeweza kuwa kimefika huko.

Sasa maumivu yenyewe.

Usiku wa kwanza ndio uliokuwa mbaya kuliko nilivyoandaliwa. Nilitoka chumba cha upasuaji mkono mzima umekufa ganzi kutokana na sindano ya bega, sisikii kitu, nikajiona nimepona. Nikalala bila kumeza dawa. Saa nane usiku ganzi ikaachia yote kwa mpigo. Mkono ulikuwa unapwita mpaka nikasikia mapigo masikioni. Dawa nilimeza hapo ndipo, zikachukua zaidi ya saa nzima kufanya kazi. Mwenye upasuaji wiki hii naomba anisikie: uliza ganzi itaisha saa ngapi, umeze dawa kabla haijaisha, usingoje kuumwa.

Siku kumi zilizofuata zilikuwa maumivu ya kidonda. Hayo yanaeleweka. Mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo yanapungua, ukiushusha yanarudi ndani ya dakika. Parasetamoli ilitosha mchana. Siku ya 13 nyuzi za ngozi zikatolewa, uvimbe ukashuka, kila mtu akanipongeza.

Halafu wiki ya tatu ukaanza moto.

Sijui niueleze vipi. Upande wa kiganja uliokuwa na ganzi tupu ulianza kuchonyota kama umemwagiwa maji ya pilipili. Shuka likigusa pembeni ya kovu nashtuka. Lakini nikikandamiza palepale kwa nguvu, siumii. Ni mguso mwepesi tu ndio uliokuwa unachoma. Na katikati ya usingizi, shoti moja ya umeme kutoka kwenye kovu kwenda chini, sekunde mbili, imekwisha, nami nimeshaamka na moyo unaenda mbio. Parasetamoli haikugusa kabisa maumivu hayo. Nikaongeza nyingine, haikugusa vilevile.

Nilikaa siku tisa bila kumwambia mtu. Niliona aibu: watu wanasema umepona, unaanzaje kusema sasa ndiyo unaumwa zaidi? Siku tisa hizo najuta nazo mpaka leo, maana nilipokwenda kliniki daktari hakushangaa hata kidogo. Akaniambia maumivu ya neva hayasikii dawa za kawaida, yana dawa zake, akaniandikia gabapentini kuanzia dozi ndogo ya usiku. Akasema itachukua siku hadi wiki kuonekana, niipandishe kwa ratiba aliyonipa, na nisije nikaiacha ghafla kwa kuona nafuu. Wiki ya kwanza nilikuwa na kizunguzungu na usingizi wa mchana. Sikuendesha chombo chochote. Wiki ya pili nililala saa tano mfululizo. Saa tano, wakuu! Moto haukuzimika, ila ulisogea mbali kidogo.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu lilizidi dawa. Aligonga kwa ncha ya kidole chake juu ya kovu, akawa anashuka taratibu kuelekea kiganjani, tok, tok, tok. Sehemu moja, kama sentimita 1 chini ya kovu, nikaruka: sisimizi wakatawanyika mpaka kidole cha mwisho. Akachukua kalamu akaweka nukta. "Hapa ndipo ilipofika," akasema. Mwaka 1915, vita vikiendelea, Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann waliliandika jambo hilo kila mmoja kwa upande wake: pale pa sisimizi ndipo zilipo ncha za nyuzi zinazoota, na pakisogea chini mwezi kwa mwezi, neva inatembea.

Tangu siku hiyo sipimi kupona kwangu kwa ukali wa maumivu. Napima kwa mahali yalipofika. Usiku mbaya bado ninao, juzi tu nilikuwa nao, lakini nukta ya juzi ilikuwa chini kuliko ya wiki iliyopita.

Waliopitia karibuni mseme. Hasa nataka kujua: baridi inawafanyeje? Na vidole mnavilinda vipi wakati wa ganzi?

Subira Njema

Pole sana mkuu, na ahsante kwa kuandika.

Mimi si neva iliyokatika, ilikuwa imebanwa. Neva ya mediani kwenye kifundo cha mkono, vidole vitatu na nusu vinakufa ganzi kila usiku kwa miaka miwili. Nikapasuliwa, wakakata ule utepe unaobana. Ile ganzi ya usiku iliondoka usiku uleule wa kwanza, nikamshukuru Mungu.

Ila hakuna aliyeniambia kwamba maumivu yangehamia kwenye misingi ya kiganja, pande zote mbili za kovu, hasa nikijisukuma kuinuka kitini. Wiki ya sita bado sikuweza kukamua kitambaa. Nilijua nimeharibu kitu. Daktari akasema ni kawaida, nguvu ya kushika inaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi kurudi. Ilichukua minne kwangu. Sasa nakamua vizuri.

Kuhusu baridi: ndiyo, inauma. Asubuhi ya baridi mkono ulikuwa unajua kabla yangu. Glavu laini ilinisaidia kuliko kitu kingine, na niliivaa hata kitandani.

Mama wa Wawili

Naomba kuuliza, mume wangu alishonwa neva wiki nne zilizopita, ya mguu. Hasemi kitu ila namwona anauma meno. Nikimgusa anasogea. Nimuache au nimlazimishe aongee?

Kidole cha Tano (mleta uzi)

Dada yangu, usimlazimishe, ila usimuache. Mimi kilichonifungua kinywa ni mke wangu kuacha kuuliza "unaumwa?" (jibu langu lilikuwa "sijambo" kila siku) akaanza kuuliza "leo ni moto, shoti, au kupwita?" Hapo nililazimika kufikiri, nikajibu. Na majibu yale ndiyo aliyoyaandika kwenye karatasi tukaenda nayo kliniki. Daktari alisoma karatasi kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Akisogea ukimgusa, si wewe anayekukimbia. Mguso mwepesi unachoma kweli. Mwombe akuonyeshe mpaka uko wapi, umguse nje ya mpaka huo, kwa kiganja kizima, kwa uzito, si kwa kupapasa.

Mazoezi ya Tiba

Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, na wagonjwa wa mikono ndio ninaowaona zaidi. Mleta uzi ameeleza vizuri. Niongeze machache, nanyi mpelekeeni anayewatibu kabla ya kuanza lolote, kwa sababu mshono wa kila mtu una masharti yake.

Kwanza banzi. Ukiwekewa banzi baada ya neva kushonwa, kazi yake ni kuizuia isivutwe. Wengi hukaa nalo wiki tatu hadi sita. Usilitoe usiku kwa sababu linakuwasha. Lakini viungo vilivyo huru visilale: bega, kiwiko, kidole gumba, vyote vizungushwe mara kadhaa kwa siku. Nimeona watu ambao neva ilirudi salama ikakuta bega limekakamaa, wakateseka na bega mwaka mzima.

Pili, huu mguso unaochoma una mazoezi yake, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kuuficha mkono. Mkono ukifunikwa na kulindwa na kila kitu, ubongo unazidi kuukuza ule mguso. Tunafanya kinyume. Kidonda kikishafunga kabisa, unachukua kitambaa laini kuliko vyote ulivyonavyo, hariri au pamba, unaanza mbali, kwenye ngozi nzima isiyouma, unasugua kuelekea mpaka wa maumivu, unavuka kidogo, unarudi. Dakika tatu hadi tano, mara kadhaa kwa siku. Ukikizoea unahamia kitambaa kigumu zaidi, kisha taulo, kisha unazamisha mkono kwenye bakuli la punje kavu na kuuchezesha humo. Ikiwa baada ya zoezi maumivu yanapanda na hayashuki ndani ya saa moja, umekimbia, rudi hatua moja.

Kovu nalo lisuguliwe kwa mafuta likishafunga, kwa kukandamiza na kuzungusha, ili ngozi isishikane na vilivyo chini yake. Kovu lililoshikamana huvuta neva kila unaponyoosha mkono, na mtu anadhani neva ndiyo mbovu.

Tatu, mkiona mguso umerudi lakini umekosea mahali, msiogope. Unagusa kidole cha mwisho, unausikia kwenye kidole cha pete. Nyuzi zinapoota si zote zinazoingia kwenye mrija wake wa zamani, nyingine zinapotea njia. Ubongo unafundishwa upya: gusa ukiangalia, funga macho uguse hapo hapo, fungua uangalie. Watoto hujifunza haraka sana. Watu wazima tunachelewa na mara nyingi haturudi asilimia mia, hilo nalisema wazi kwa kila mgonjwa siku ya kwanza, maana anayeahidiwa mkono mpya huacha mazoezi mwezi wa nne baada ya upasuaji.

Na jambo la kutopuuzwa. Maumivu yakizidi mno kuliko jeraha lenyewe, mkono au mguu ukavimba tena, rangi ikabadilika kuwa nyekundu au bluu, ukawa wa moto au baridi kuliko mwenzake, ukitoa jasho peke yake, nenda mapema. Usisubiri tarehe ya kliniki. Silas Weir Mitchell aliwaona askari wa namna hiyo kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, risasi imegusa neva tu lakini mtu hawezi kuvumilia hata upepo. Hali hiyo ikianza kutibiwa mapema inadhibitika vizuri zaidi. Homa, usaha, kidonda kunuka, hivyo nadhani kila mtu anavijua. Kwa waliopasuliwa mguu: shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, hiyo ni dharura ya papo hapo. Na kama kitu kilichokuwa kimerudi kikapotea ghafla, sema siku hiyohiyo.

Mguu Mzito

Mama wa Wawili, mimi ni mguu pia, neva ya pembeni ya goti. Mwambie mume wako wiki ya nne hadi ya nane ndiyo iliyokuwa mbaya kwangu. Unyayo ulikuwa unaning'inia, nikitembea naburuta vidole. Nilipewa banzi la kushikilia unyayo ndani ya kiatu. Nililichukia. Lakini bila lile ningeanguka. Vidole vilianza kunyanyuka mwezi wa kumi na moja baada ya upasuaji.

Na ndugu zangu, ANGALIENI NYAYO. Kila jioni nilikuwa nashika kioo natazama chini ya mguu. Siku moja nilikuta kijiwe ndani ya soksi, nimekitembelea mchana kutwa, ngozi imechubuka vibaya na sikusikia chochote.

Kidole cha Tano (mleta uzi)

Mguu Mzito umenikumbusha. Wiki ya pili nilishika kikombe cha maji ya moto kwa mkono ule mbovu nikiwa naongea na mtu. Kilichoniambia kuna tatizo ni macho ya yule mtu. Upande wa kidole ulikuwa umelala kwenye kikombe muda wote, kesho yake lengelenge kubwa kama kunde mbili. Lilichukua wiki tatu kupona, kwa sababu ngozi iliyokosa neva hupona polepole. Siku hizi maji naonja kwa mkono wa kushoto, na barafu sikuiweka tena sehemu yenye ganzi, kwani nayo huunguza vilevile.

Mazoezi ya Tiba, shukrani mkuu. Bakuli la punje kavu nimeanza jana. Dakika mbili za kwanza nilitaka kulia, ya tatu ikawa afadhali.

Kuna jambo nililisoma usiku mmoja nikashindwa kulisahau. Mwaka 1903 daktari wa Uingereza, Henry Head, alimwomba mpasuaji amkate neva ya mkono wake mwenyewe wa kushoto kisha aishone, ili ajue hisia zinarudije. Kwa takriban miaka minne alikuwa akienda Cambridge kwa rafiki yake W. H. R. Rivers, anafumba macho, Rivers anamgusa kwa pamba, sindano, vitu vya moto na baridi, na kuandika kila jibu. Walichokiona ni kwamba hisia iliyotangulia kurudi ni ile isiyo na adabu: kuchomwa kunakosambaa, kunakozidi kiasi, usijue hasa ni wapi. Mguso mpole wa pamba ulikuja baadaye sana. Nadharia waliyoijenga juu yake wenzao waliipinga, lakini yale waliyoyaandika siku kwa siku niliyasoma nikiwa na mkono wangu juu ya mto, nikasema huyu bwana anazungumza nami.

Nahodha wa Usiku

Nimesoma uzi wote mkono mmoja. Wiki ya tatu leo. Moto umeanza juzi, nilikuwa nimeshakata tamaa. Swali moja tu: huwa mnalala vipi?

Subira Njema

Mto mmoja chini ya mkono wote kuanzia bega, mwingine umekumbatia. Kiwiko kisikunjwe sana. Na dawa ya usiku imeze saa moja au mbili kabla ya kulala, si ukishalala ukaamshwa, ikiwa daktari wako amekupangia hivyo.

Kidole cha Tano (mleta uzi)

Pole sana Nahodha. Mimi nililitundika shuka lisiniguse: nilipanga mito miwili kando ya mkono, shuka likapita juu yake kama hema. Mkono unabaki hewani chini yake. Na ukiamshwa na shoti, usibaki kitandani unaisubiri ya pili. Kaa, weka miguu chini, pumua kwa kutoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, mara kumi au ishirini. Haiondoi maumivu. Inaondoa ule woga unaoyafanya yawe makubwa.

Na kesho mwambie anayekutibu. Usikae siku tisa kama mimi.

Nahodha wa Usiku

Nitampigia asubuhi. Hiyo ya kalamu naweza kujipima mwenyewe?

Kidole cha Tano (mleta uzi)

Unaweza, taratibu, mara moja kwa wiki inatosha, maana ukigonga kila siku utaona haisogei na utaumia bure. Anza chini kwenye ncha ya kidole, panda kuelekea kovu, pale sisimizi wanapoanza weka nukta. Mimi hufanya Jumapili jioni. Ya leo iko sentimita 3 chini ya kovu, katikati ya njia ya kwenda kifundo. Mke wangu ndiye anayeshika kalamu, na ameandika tarehe pembeni kwa herufi ndogo sana ili nafasi ya zile nyingine isije ikaisha.